Karatasi, Mwalimu na Mkeka: Ubuddha Ulivyoingia katika Fasihi ya Marekani

Mwaka 1845 Ralph Waldo Emerson, mwandishi wa insha aliyekuwa tayari na jina kubwa nchini Marekani, alimwandikia rafiki yake barua kumjulisha kwamba nakala ya Bhagavad Gita imefika katika mji wao wa Concord, Massachusetts, na humo akakieleza kitabu hicho kuwa ni kitabu mashuhuri cha Ubuddha. Bhagavad Gita ni kitabu cha Wahindu. Emerson hakuwa mtu wa kusoma juu juu. Alisoma kila andiko la Asia aliloweza kulitia mkononi. Lakini yaliyokuwa yakifika New England wakati huo yalikuwa machache, mengine yakiwa tafsiri ya tafsiri, na hapakuwa na Mbuddha karibu naye wa kumweleza lipi ni la nani.

Kosa hilo linatuonyesha jambo ambalo mijadala mingi hulipita haraka. Huwa tunasikia habari za athari ya Ubuddha kwa waandishi wa Marekani kana kwamba ni kitu kimoja, kilichoshuka bandarini siku moja, kikapokewa na wote kwa namna moja. Sivyo ilivyokuwa. Wako walioupata Ubuddha kwenye karatasi tu, wasimwone Mbuddha maisha yao yote. Wako walioupata kwa mwalimu aliyeketi mbele yao. Wako waliokaa wenyewe juu ya mkeka wa tafakuri mwaka baada ya mwaka. Na wako waliozaliwa ndani yake, ambao historia ya fasihi iliwasahau kwa muda mrefu. Ninavyoona mimi, njia ambayo dini hiyo ilipita kumfikia mwandishi ndiyo iliyoamua ataandika nini na kwa namna gani, kuliko hata swali la kama aliiamini au hakuiamini.

Kwa msomaji aliyelelewa katika Uislamu au Ukristo, inafaa kukumbushana mambo mawili matatu kabla ya kuendelea. Siddhartha Gautama, aliyeishi kaskazini mwa Bara Hindi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, hakudai kuwa Mungu wala mtume wa Mungu. Alifundisha kwamba maisha yamechanganyika na mateso, kwamba mateso hutokana na kung'ang'ania vitu visivyodumu, na kwamba mwanadamu anaweza kufunguka kutoka katika mng'ang'anio huo kwa mwenendo mwema, kwa tafakuri na kwa kuyaona mambo yalivyo. Miongoni mwa vitu visivyodumu aliiweka hata nafsi, ile tunayoiita mimi. Fundisho hilo la mwisho ndilo lililowagusa waandishi kuliko mengine yote, kwa kuwa fasihi ya Marekani tangu karne ya 19 imesimama juu ya sauti ya mtu mmoja anayejitangaza kwa ulimwengu, na hapa wakakutana na watu ambao kwa zaidi ya miaka elfu mbili wamekuwa wakiuliza kama msemaji huyo yupo kweli.

Njia ya karatasi ndiyo iliyotangulia. Januari 1844, jarida la The Dial, lililokuwa la kundi la kina Emerson, lilichapisha kipande cha Sutra ya Lotasi, mojawapo ya maandiko makuu ya Wabuddha wa Asia ya Mashariki. Kipande hicho kilikuwa kimetafsiriwa kutoka Kisanskriti kwenda Kifaransa na mtaalamu Eugène Burnouf wa Paris, kisha kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vya historia vilimpa mwandishi Henry David Thoreau, wa kundi hilo hilo, sifa ya tafsiri hiyo. Leo inajulikana kwamba aliyeifanya ni Elizabeth Palmer Peabody, mwalimu na mwenye duka la vitabu mjini Boston, ambaye pia alikuwa mchapishaji wa jarida hilo kwa muda. Nalitaja jina lake kwa makusudi, maana mwanamke huyu ndiye anayepaswa kusimama mwanzoni mwa habari hii, na bado anaachwa nje katika maelezo mengi.

Thoreau mwenyewe alikuwa na kiu ya aina hiyo hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu safari ya mtumbwi aliyoifanya na kaka yake, alithubutu kumtaja Buddha kando ya Kristo, akijua kwamba wapo watakaomchukia kwa hilo. Hata hivyo, sidhani kwamba maisha yake kando ya bwawa la Walden yalikuwa ya Kibuddha kwa maana yoyote ya uhakika. Alichochukua ni ruhusa: alijiona ana haki ya kutafuta hekima nje ya kanisa la kijijini kwake.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo karatasi ziliongezeka. Mwaka 1879 Mwingereza Edwin Arnold alitoa utenzi mrefu wa maisha ya Buddha, ambao Wamarekani waliununua kwa wingi. Mwaka 1893 ukafanyika mkutano wa dini za ulimwengu mjini Chicago, na miongoni mwa wageni alikuwapo Shaku Soen, mtawa wa Zen, tawi la Ubuddha linalosisitiza tafakuri, kutoka Japani. Hotuba yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza na kijana mmoja mwanafunzi wake, D. T. Suzuki. Miaka minne baadaye kijana huyo alivuka bahari kwenda La Salle, Illinois, kufanya kazi kwa mchapishaji Paul Carus, akakaa huko zaidi ya miaka kumi akitafsiri. Tutakutana naye tena akiwa mzee.

Tunda kubwa la njia hii ya karatasi ni shairi la T. S. Eliot, The Waste Land, la mwaka 1922, na hapa pana haja ya kukaa kidogo. Eliot alisoma Kisanskriti na Kipali, lugha za kale za Bara Hindi, katika Chuo Kikuu cha Harvard kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akahudhuria pia mihadhara ya Masaharu Anesaki, mtaalamu kutoka Japani, kuhusu falsafa ya Kibuddha. Sehemu ya tatu kati ya sehemu tano za shairi lake ameipa jina la mahubiri ambayo Buddha aliyatoa kwa watawa wapatao elfu moja, watu waliokuwa waabudu moto kabla ya kumfuata. Katika mahubiri hayo Buddha anawaambia kwamba kila kitu kinaungua: jicho linaungua, kinachoonekana kinaungua, sikio na sauti vinaungua, na moto wenyewe ni tamaa, chuki na upumbavu wa nafsi. Eliot aliyachukua kutoka katika tafsiri ya Henry Clarke Warren, iliyotolewa Harvard mwaka 1896, na katika maelezo aliyoyaweka mwishoni mwa shairi alisema kwamba kwa uzito yanalingana na Mahubiri ya Mlimani ya Yesu.

Kinachonivutia ni jinsi alivyoyatumia. Sehemu hiyo ya shairi inaonyesha London iliyochoka, mto wenye taka, karani wa kike anayelala na mwanamume asiyempenda wala asiyemchukia, halafu mwanamume akishaondoka, karani anaweka sahani ya santuri kwa mkono usio na hisia. Hakuna anayehubiri. Kisha mwishoni mishororo inakatika na kuwa vipande: kimoja kimetoka kwa Augustino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, anayekumbuka alivyofika Carthage na kuzungukwa na tamaa, kinachofuata ni neno la kuungua lililorudiwa mara nne, na mwisho linabaki lenyewe peke yake. Eliot alieleza waziwazi kwamba hakuwakutanisha Mwafrika huyo Mkristo na Buddha kwa bahati. Ila tuone pia mpaka wa njia hii. Msomi ameyaweka maandiko mawili bega kwa bega, ameyafanya yaangaziane, na kazi yake imeishia hapo. Hakuna mazoezi nyuma yake, hakuna mwalimu aliyemuuliza ameelewa nini. Mwaka 1927 Eliot alibatizwa katika Kanisa la Anglikana, na Buddha akabaki katika maktaba yake.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yalibadilika, na aliyeyabadilisha zaidi ni yule yule D. T. Suzuki. Alipofika New York kufundisha katika Chuo Kikuu cha Columbia mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa amepita umri wa miaka 80. Wanamuziki, wachoraji na wanasaikolojia walikuja kumsikiliza. Mtunzi John Cage alikuwa mmoja wao. Vitabu vyake vilisomwa na J. D. Salinger, ambaye mkusanyo wake wa hadithi tisa wa mwaka 1953 unafunguliwa na lile swali la Zen kuhusu sauti ya mkono mmoja unaopiga makofi. Maswali ya namna hiyo, yaitwayo koani, hayajibiwi kwa hoja. Mwalimu humpa mwanafunzi ili akili yake iliyozoea kupanga na kutenganisha ifike mahali ishindwe. Suzuki alikuwa mwandishi mzuri na mkarimu, lakini Zen aliyoiwasilisha ilikuwa imechujwa: ilisifu sana mwanga wa ghafla, ikasema kidogo kuhusu miaka ya nidhamu, ibada za wafu, kanuni za watawa na mambo mengine yanayoyajaza maisha ya hekalu la kweli. Wamarekani wengi waliipokea ile iliyochujwa wakidhani ndiyo yote.

Jack Kerouac anasomeka vizuri zaidi mtu akilijua hilo. Alikuwa mtoto wa familia ya Kikatoliki yenye asili ya Wafaransa wa Kanada, mzaliwa wa Lowell, Massachusetts. Mwaka 1954, katika maktaba ya San Jose, California, alikutana na mkusanyo wa maandiko ya Kibuddha ulioandaliwa na Dwight Goddard mwaka 1932. Kitabu hicho kikawa mwenzi wake wa safari. Alinakili vifungu, akaandika sala zake mwenyewe, akajaza mamia ya kurasa za madaftari ambazo hazikuchapishwa hadi mwaka 1997, miaka 28 baada ya kifo chake. Kilichomshika hasa ni ukweli wa kwanza wa Buddha, kwamba maisha ni mateso, na ukamshika kwa sababu tayari alikuwa akiuamini kutokana na msalaba wa utotoni mwake na kifo cha kaka yake mkubwa, Gerard, aliyefariki akiwa na miaka tisa. Riwaya yake The Dharma Bums ya mwaka 1958 ina vijana wanaopanda milima wakiwa na mabegi mgongoni, wanaokunywa mvinyo, wanaobishana kuhusu utupu wa vitu vyote, na wanaoota mapinduzi ya wasafiri wasio na mali. Katika siku za kutoka kwa kitabu hicho Kerouac na mshairi Allen Ginsberg walimtembelea Suzuki nyumbani kwake New York, naye akawapa chai ya kijani nzito na wakatunga pamoja haiku, yale mashairi mafupi sana ya Kijapani.

Wakosoaji wengi wamemwona Kerouac kuwa Mbuddha wa juu juu. Alan Watts, Mwingereza aliyekuwa mfasiri maarufu wa Zen kwa Wamarekani, aliandika mwaka huo huo insha iliyowakosoa waliotumia Zen kama kisingizio cha kufanya wapendavyo, na akawakosoa vilevile waliokuwa wakiigeuza kuwa sheria kavu. Mimi nadhani hukumu kwa Kerouac ni kali mno. Huruma iliyomo katika kurasa zake, kwa mlevi wa stesheni, kwa mbwa, kwa mama anayefua, ni ya kweli. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye. Alisoma peke yake, akatafakari peke yake, akanywa pombe peke yake, na alipofariki mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka 47, alikuwa amekwisha kurudi kwa Mama Maria wa utotoni.

Shujaa wa riwaya hiyo, kijana mwenye ndevu anayejua majina ya mimea na mashairi ya Kichina, alichorwa kutokana na mtu halisi, Gary Snyder. Kwake ndiko njia ya mkeka inakoonekana. Snyder, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1930, alianza kujifundisha kuketi kwa tafakuri akiwa kijana wa miaka ya ishirini. Alifanya kazi ya kukata magogo, alikaa kileleni kama mlinzi wa moto wa misitu, na katika kiangazi cha mwaka 1955 alikuwa katika kikosi kilichotengeneza njia za milimani katika hifadhi ya Yosemite, akipanga mawe kwenye miteremko ili kwato za farasi zisiteleze. Mwezi Oktoba mwaka huo alisoma mashairi yake San Francisco katika jioni ile maarufu ambayo Ginsberg alisoma shairi la Howl kwa mara ya kwanza hadharani. Mwaka 1956 aliabiri meli kwenda Japani, na kwa zaidi ya muongo mmoja, akiondoka na kurudi, alikuwa mwanafunzi wa Zen mjini Kyoto, hasa chini ya mwalimu Oda Sesso wa hekalu la Daitoku-ji.

Kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1959, kimepewa jina la hayo mawe ya Yosemite. Kinafunguliwa na shairi la mishororo kumi tu kuhusu zamu yake juu ya mlima Sourdough katika jimbo la Washington. Ubeti wa kwanza hauna mtu: moshi umetanda bondeni, siku tatu za joto zimefuata siku tano za mvua, utomvu unang'aa kwenye mbegu za misonobari, nzi wapya wamejaa juu ya miamba na majani. Katika ubeti wa pili mtu anajitokeza kwa mshororo mmoja, tena kusema kwamba hakumbuki tena mambo aliyoyasoma zamani. Anao marafiki wachache, lakini wako mijini. Kisha yeye mwenyewe anatoweka. Yanabaki matendo yasiyo na mtendaji, kunywa maji baridi ya theluji kwa kikombe cha bati, kutazama chini maili nyingi kupitia hewa tulivu. Buddha hatajwi. Hakuna sutra, hakuna neno la Kisanskriti, hakuna utupu uliotangazwa kuwa utupu. Fundisho kwamba nafsi si kitu cha kudumu limekuwa sarufi ya shairi. Kwa maoni yangu, mtu akitaka kupima athari ya Ubuddha katika ushairi wa Marekani, ni bora ahesabu mashairi ya aina hii kuliko yale yanayomtaja Buddha kila ubeti.

Snyder aliendelea hivyo maisha yake yote. Alipata Tuzo ya Pulitzer mwaka 1975, akajenga nyumba na ukumbi wa tafakuri katika vilima vya Sierra Nevada, na shairi lake refu la milima na mito, aliloanza mwaka 1956, alilimaliza mwaka 1996. Rafiki yake Philip Whalen alikwenda mbali zaidi: alipadirishwa kuwa mtawa wa Zen mwaka 1973 na baadaye akaongoza kituo cha Zen mjini San Francisco, huku akitunga mashairi yanayofuata wazo linavyoingia na kutoka akilini, bila kulipiga pasi.

Njia ya mwalimu ina sura nyingine, na si zote zinapendeza. Ginsberg alimpata mwalimu wake katika Chögyam Trungpa, lama, yaani mwalimu wa dini, kijana wa Kitibeti aliyekimbia nchi yake baada ya uvamizi wa China, akasoma Oxford, kisha akahamia Marekani mwaka 1970. Kutoka kwake Ginsberg alijifunza kutafakari kwa kufuata pumzi inayotoka, na zoezi hilo likawa umbo la shairi: katika shairi lake la mwaka 1973 pumzi inatoka puani mwake akiwa ameketi chini ya milima ya Wyoming, inavuka miji na bahari, inaizunguka dunia na kumrudia. Kutoka kwake pia alichukua kanuni kwamba wazo la kwanza ndilo wazo bora, kanuni iliyowafungua baadhi ya wanafunzi wa ushairi na kuwapa wengine udhuru wa kutorudia kazi zao. Mwaka 1974, katika chuo ambacho Trungpa alikianzisha Boulder, Colorado, Ginsberg na mshairi Anne Waldman walifungua shule ya ushairi waliyoipa jina la Kerouac. Huko mshairi kijana aliweza kumsoma mshairi Mwingereza William Blake asubuhi na kuketi kwa tafakuri jioni.

Lakini Trungpa alikuwa mlevi sugu, na mamlaka yake juu ya wanafunzi hayakuwa na wa kuyapunguza. Katika msimu wa mafunzo wa mwaka 1975, jioni ya sherehe, aliamuru mshairi W. S. Merwin na mwenzake, waliokuwa wamejifungia chumbani wasitake kushiriki, waletwe kwa nguvu. Mlango ulivunjwa, wakavuliwa nguo mbele ya watu huku mwenzake akiomba polisi waitwe. Habari hiyo iligawanya washairi wa Marekani kwa miaka. Waliomtetea mwalimu walisema hayo ni mafundisho makali ya kuvunja kiburi. Wengine waliuliza, na kwa haki kabisa, tofauti iko wapi kati ya kuvunja kiburi na kuvunja mtu. Ginsberg alibaki na Trungpa. Merwin aliondoka, akahamia Hawaii kujifunza Zen kwa Robert Aitken, akapanda mitende kwenye ardhi iliyochakaa katika kisiwa cha Maui, na kuandika hapo mashairi yasiyo na alama za uakifishaji ambayo wengi huyahesabu kuwa bora ya kizazi chake. Hakuiacha dini kwa sababu ya mwalimu mmoja. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na kila anayeandika habari za kashfa hii.

Mpaka hapa habari inaonekana kama ya wanaume weupe wa California na New York. Hata kwenye njia ya karatasi, mtu mmoja anaivuruga picha hiyo kabisa. Richard Wright, mwandishi mweusi mzaliwa wa Mississippi, aliyeuonyesha ubaguzi wa Marekani kwa ukali usio na mfano katika riwaya yake ya mwaka 1940, aliishi miaka yake ya mwisho Paris. Katika miezi takriban 18 ya mwisho wa maisha yake, akiwa mgonjwa, fedha zimepungua, mama yake amefariki, alisoma juzuu nne za Mwingereza R. H. Blyth kuhusu haiku na akaanza kutunga. Alitunga haiku zipatazo 4,000. Binti yake Julia amesimulia jinsi baba alivyokuwa hatengani na jalada la haiku zake, akihesabu mizani. Alifuata kanuni ya Kijapani kwa uaminifu: mizani tano, saba, tano, jumla 17, na ndani yake alama ya majira ya mwaka. Alichagua haiku 817 kwa ajili ya kitabu. Mchapishaji alikikataa, Wright akafariki Novemba 1960, na kitabu hakikutoka hadi 1998.

Haiku inayofungua mkusanyo huo inasema kwamba yeye si mtu yeyote: jua jekundu la vuli lililokuwa likizama limelichukua jina lake. Msomaji anaweza kuisoma kama fundisho la Blyth, aliyeona haiku kuwa tawi la Zen, ingawa wataalamu wengi wa fasihi ya Kijapani leo wanasema Blyth alizidisha. Lakini tukumbuke ni nani anayesema si mtu yeyote. Mtu mweusi wa Mississippi alinyimwa jina na utu na sheria za nchi yake, na Wright alitumia miaka ishirini ya kazi kuudai utu huo kwa sauti kubwa. Hapa anaachilia jina kwa hiari yake, na anayelipokea ni jua, hakuna bwana yeyote. Kuachilia nafsi si jambo moja kwa aliyekuwa nayo sikuzote na kwa aliyepigania kuipata, na sijui mahali pengine katika fasihi ya Marekani ambapo tofauti hiyo imesemwa kwa mizani 17.

Charles Johnson, mwandishi mweusi aliyekuja baadaye na ambaye ni Mbuddha kwa mazoezi, aliliendeleza swali hilo katika riwaya. Moja, ya mwaka 1982, inaufuata utumwa wa Marekani Kusini kwa kutumia michoro kumi ya kale ya Zen inayomwonyesha mchungaji akimtafuta fahali wake. Nyingine, iliyopata Tuzo ya Taifa ya Kitabu mwaka 1990, imo ndani ya meli ya watumwa iliyowabeba Waallmuseri, kabila la Kiafrika alilolibuni, ambao hawaijui nafsi iliyojitenga na nyingine. Johnson anauliza kwa uzito wote: mtu aliyefungwa minyororo anatafuta uhuru gani, na je, minyororo ikishakatwa, umekwisha kupatikana?

Sasa tuje kwa waliosahauliwa. Wahudumu wa kwanza wa madhehebu ya Jodo Shinshu, ambayo ndiyo ya Wajapani wengi waliohamia Marekani, walifika San Francisco mwaka 1899, zaidi ya nusu karne kabla ya Kerouac kuingia katika maktaba ya San Jose. Mwaka 1942 serikali iliwafungia kambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa, na watawa wa Kibuddha walikuwa miongoni mwa waliokamatwa mapema. Mtawa Nyogen Senzaki, mkusanyaji wa hadithi fupi za Zen ambazo Wamarekani wengi wamezisoma bila kulijua jina lake, aliendesha tafakuri katika kambi ya Heart Mountain, Wyoming. Vyama vya haiku vya wahamiaji wa California viliendelea kutunga nyuma ya senyenge, kwa Kijapani, haiku huru zisizobanwa na mizani 17, kuhusu vumbi, minara ya walinzi na mbegu zilizopandwa jangwani. Nyingi zilipotea. Mkusanyo mkubwa wa haiku hizo kwa Kiingereza, uliotayarishwa na Violet Kazue de Cristoforo, aliyekuwa mmoja wa watungaji wafungwa, ulitoka mwaka 1997.

Uhusiano kati ya jamii hiyo na waandishi mashuhuri ulikuwapo. Miaka ya 1950 hekalu la Kibuddha la Berkeley, lililoongozwa na Mchungaji Kanmo Imamura na mkewe Jane, lilikuwa na vikao vya mafunzo vilivyowapokea Snyder, Watts na wenzao, na jarida la vijana wa hekalu hilo lilichapisha kazi zao mapema. Walipewa kiti na chai. Kisha, mwaka 1991, mhariri wa jarida la Kibuddha la New York aliandika kwamba Wamarekani wenye asili ya Asia hawakuwa na sehemu kubwa katika kuujenga Ubuddha wa Kimarekani. Ryo Imamura, mtoto wa wenye hekalu hilo, alijibu kwa barua kwamba babu na bibi zake ndio walioipanda dini hiyo katika ardhi ya Marekani licha ya chuki, wazazi wake ndio walioitunza hata kambini, na wao ndio waliowafungulia milango weupe waliokuja kujifunza. Jarida halikuichapisha barua hiyo; ilitokea kwingine. Sioni namna ya kuujadili Ubuddha katika fasihi ya Marekani kwa uaminifu bila kuiweka barua hiyo mezani pamoja na Howl.

Karne hii njia zimeanza kuchanganyika. George Saunders, aliyelelewa Mkatoliki na sasa hufuata Ubuddha wa Kitibeti, alipata Tuzo ya Booker mwaka 2017 kwa riwaya Lincoln in the Bardo. Bardo ni hali ya kati, baada ya kifo na kabla ya kuzaliwa upya, na wasomaji wa Kiingereza wanaifahamu tangu mwaka 1927, kitabu cha Watibeti kuhusu wafu kilipotafsiriwa. Saunders anaichukua na kuiweka katika makaburi ya Oak Hill mjini Washington, Februari 1862, usiku ambao Rais Abraham Lincoln anakwenda kumshika mwanawe Willie, aliyefariki kwa homa akiwa na miaka 11. Wafu waliozunguka pale hawakubali kwamba wamekufa. Wanayaita majeneza masanduku ya wagonjwa, wanangoja kupona, na kila mmoja ana umbo lililoharibika kwa tamaa yake: mwanamume wa makamo aliyekufa kabla hajamkaribia mke wake kijana, kijana aliyejiua kwa mapenzi na sasa ana macho na mikono mingi kwa uchu wa dunia aliyoiacha. Ukweli wa pili wa Buddha, kwamba mateso hutokana na kung'ang'ania, umekuwa hapa kichekesho na kilio kwa pamoja, na msomaji anauelewa kabla hajaambiwa.

Na yuko Ruth Ozeki, ambaye mama yake alikuwa Mjapani na baba yake Mmarekani, na ambaye alipadirishwa kuwa mtawa wa Zen mwaka 2010. Riwaya yake A Tale for the Time Being, ya mwaka 2013, inaanzia kwenye insha ya Dogen, mwalimu wa Zen wa karne ya 13, kuhusu wakati na kuwapo. Shajara ya msichana wa Tokyo anayeonewa shuleni inaokotwa pwani ya Kanada na mwandishi mwenye jina kama la Ozeki mwenyewe. Bibi mzaa bibi wa msichana huyo, mtawa mwenye umri wa miaka 104 aitwaye Jiko, anamfundisha kuketi kwa tafakuri katika hekalu dogo la milimani, na somo la kwanza ni kuhesabu pumzi hadi kumi, na akipotea njiani, kuanza tena moja bila kujilaumu.